Mfupa wa Koo

Tangu alfajiri Sittana hakutulia. Akikaa, anasimama, akienda ukingoni mwa mto Atbara, anarudi. Saa nne Babikir, mwenye tanuri la matofali, angeleta watu kuchimba udongo pale pale Sittana alipookota mifupa ya samaki iliyogeuka jiwe. Mkuu wa Sittana katika idara ya mambo ya kale mjini alimwambia kwa simu bila kumung'unya maneno: "Nipe mfupa mmoja ambao si wa samaki aliyemo mtoni leo, nami nitasimamisha kazi. Kama huna hakika, nyamaza."

Hakika hana. Mwiba wa gogogo aliutambua, fuvu la kambare na pingili za sangara pia, na hao wote wamo mtoni mpaka leo. Uliomsumbua ni mfupa wa koo, wenye meno ya mviringo kama dengu. Mifupa ya kulinganishia hakuwa nayo. Pengine ni samaki wa kawaida tu, na ujinga ni wake yeye.

Mtu wa kumuuliza alikuwa mmoja, Hajja Arafa, aliyevundika samaki kwa chumvi miaka arobaini. Lakini Hajja ni mama yake Babikir. Kesi ya nyani, hakimu ngedere! Hata hivyo Sittana alikwenda, maana saa tatu ilikwisha kupita.

Akamkuta kazini, kibandani kwake hatua chache kutoka ukingoni, mkono umezama mashavuni mwa sangara, akisukuma chumvi mpaka kooni. Babikir alikuwa kando anakunywa chai.

"Karibu, daktari wa miiba!" alisema. "Leo umetuletea mchuzi wake?"

"Mwache mgeni," Hajja akamkemea. Sittana akautoa mfupa, akaeleza sharti la mkuu wake. "Lete nione, binti yangu."

Hakuutazama. Alifumba macho, akaupapasa kwa kidole gumba, kwa sababu kazi yake yote kidole hicho kimefanya ndani, mahali pasipoonekana. Sittana alishindwa kusimama mahali pamoja. Akawa anakunja na kukunjua ncha ya vazi lake la thobi.

"Sato?" aliuliza.

"Sato anakwaruza kidogo tu. Huyu alikuwa anasaga."

Babikir akaweka gilasi chini. "Mama, sema ni sato mzee. Watu wangu wameshafika na makoleo. Nina vibarua kumi na wawili pale, na wana watoto."

"Nasikia."

"Basi sema."

Hajja aliupeleka mfupa ulimini, akatema mchanga, akaupapasa tena. Alikawia mno. Sittana alimwogopa yule mama, akamchukia kidogo, kisha akaona haya kwa kumchukia. Nje koleo liligonga jiwe.

"Mama, mimi ni mwanao!"

"Ndiyo maana sikufichi. Hakuna samaki wa mto huu ambaye mkono wangu haujaingia kooni mwake. Wewe nakujua, Babikir, nilikuzaa mwenyewe. Huyu simjui."

Babikir alimtazama mama yake, halafu akatoka. Wakamsikia akiwaambia watu wake wakusanye makoleo warudi nyumbani, na sauti yake ilikuwa ya mtu mgonjwa.

Sittana alikuwa ameshapata alichokitaka. Akashika simu, akakosea namba mara mbili.

"Piga basi, binti," Hajja alisema, machozi yakimlengalenga, "kabla sijasema uongo."