Dawa Aliyopewa Ollie

Rowena Tehee aliacha kazi ya kukata kuku kiwandani, akajiunga na mpango wa kuwafundisha watu wazima Kicheroki, lugha ya wenyeji wa asili wa Marekani. Mwaka wa pili alipewa mwalimu Ollie Dreadfulwater, bibi wa miaka themanini na moja asiyesifu mtu.

Asubuhi moja darasani, Ollie alinyamaza katikati ya sentensi. Chaki ikamponyoka, mdomo ukapinda upande. Rowena akamdaka kabla hajafika chini.

Hospitalini ikaonekana kwamba Kiingereza kilikuwa kimemtoka chote. Alibaki na Kicheroki tu, nacho kwa kukokota. Mwanawe Virgil, mtu wa miaka hamsini na tano, alisimama kando ya kitanda kama mgeni. Lugha ya mama yake hakuijua. Ollie alichapwa shuleni kwa kuisema, akaapa mwanawe hatachapwa.

"Damu imeganda kichwani," daktari alisema. "Dawa ya kuiyeyusha ipo. Lakini kama asubuhi amemeza kile kidonge chake cha kuzuia damu isigande, dawa hii inaweza kumuua. Amemeza?"

"Atakuwa amemeza. Huwa hakosi," alisema Virgil.

"Atakuwa, au amemeza? Tuna dakika ishirini."

Rowena akainama, akauliza. Ollie akajibu kwa maneno machache.

"Kasemaje?" daktari akauliza.

"Kwamba Sadie, jirani yake, alimpa dawa."

"Si nimewaambia?" Virgil akasema.

Rowena alikuwa bado anakifikiria kitenzi alichotumia bibi. Katika Kicheroki, kitenzi cha kupewa hubadilika kwa umbo la kitu: kigumu kina chake, cha majimaji kina chake, kilicho hai kina chake. Alichosikia kilikuwa cha majimaji. Au alidhani tu. Mdomo wa bibi ulikuwa umepinda, na tofauti yenyewe ni ndogo.

"Subirini, kitenzi alichotumia kinanitatiza. Nimuulize tena."

"Utamuua mama yangu kwa sarufi," Virgil alisema kwa sauti ya chini.

Rowena akainama tena. Safari hii akatumia kitenzi cha kitu kigumu. "Bibi, Sadie alikupa kidonge?"

Ollie akamkazia macho. Akakirudia kile cha majimaji polepole, kama anayemsahihisha mtoto mzito wa kuelewa. "Ya kifua. Kidonge kiko mezani, sijakigusa. Na wewe unatamka kama mzungu."

"Alikunywa dawa ya kikohozi," Rowena akasema. "Kidonge hajameza."

"Una hakika?" aliuliza daktari.

"Nina hakika."

Dawa ikaingia mshipani. Kwa saa nzima hakuna aliyeketi. Kisha vidole vya mkono wa kulia wa Ollie, uliokuwa umepooza, vikakunjika, vikalishika shuka.

Wiki ya tatu, Kiingereza kilipoanza kumrudia vipande vipande, Virgil alimuuliza kwa nini hakumfundisha lugha yake. Ollie akajibu kwa Kicheroki, kwa kirefu, machozi yakimtiririka.

"Anasemaje, dada?" Virgil akamgeukia Rowena.

"Amenikataza nisikutafsirie. Anasema atakufundisha mwenyewe mpaka uyaelewe maneno hayo. Jumatatu, saa mbili asubuhi."

Virgil akamtazama mama yake.

"Nitaomba ruhusa kazini," akasema.