Ukurasa wa Kumi na Mbili Umepoa

Kiroboto alipokuwa na miaka minne hakuwa na dogo. Alimpaka paka dawa ya meno, akazamisha viatu vya wageni ndooni, na siku moja akajifungia kwenye kabati la vyombo, akakataa kutoka mpaka aombwe radhi. Mtu mwingine angelia. Shangazi yake, aliyemlea tangu mchanga, alikuwa mchoraji wa vitabu vya watoto, na kwake kila balaa lilikuwa riziki. Alichora kwanza, kupangusa baadaye. Vikatoka vitabu vinne. Watoto wa watu wakavipenda, wazazi wao wakavilaani kidogo.

Sasa Kiroboto ana miaka saba na, jamani, ametulia! Anakunja sare yake mwenyewe. Anaomba ruhusa ya kufungua friji. Na kitabu cha tano kinatakiwa Ijumaa.

Shangazi hakuweza kuchora asichokiona. Ndivyo alivyozoea, na mazoea yana taabu. Basi akaanza kutega. Jumanne aliacha unga wazi kwenye kigoda. Kiroboto akaufunika. Jumatano akaacha mkasi karibu na pazia. Ukarudishwa kwenye droo, ncha chini. Mwanamke mzima akanuna, eti mtoto ana adabu!

Jioni ile mhariri akapiga simu. Shangazi alikuwa na rangi mikononi, akaiweka simu kwenye sauti ya nje.

"Ukurasa wa kumi na mbili uliotutumia umepoa, dada. Mtoto aliyetulia hatufai."

"Nipe kesho tu."

Kiroboto alikuwa palepale mezani, akifanya hesabu za shule. Hakuinua kichwa.

Alhamisi mchana shangazi akaweka chupa ya wino mweusi mezani bila kifuniko, akajificha nyuma ya mlango na daftari lake. Aibu ilimshika, lakini haikumzuia.

Kiroboto akaingia. Akautazama wino, akautazama mlango. Akaziondoa picha zilizokwisha kukauka, akazipanga juu ya rafu, mbali. Akavua sweta, akaikunja. Ndipo akaishika chupa kwa mikono miwili, akaimimina polepole kama anayemmiminia mgeni chai. Wino ukatambaa mpaka ukingoni, ukaanza kudondoka sakafuni.

"Hivyo, shangazi?" akauliza kwa sauti kubwa. "Au niruke juu yake?"

Shangazi akajitokeza. "Nani kakwambia umwage?"

"Si yule wa kwenye simu alisema aliyetulia hafai? Nikifanya fujo hutanirudisha?"

"Nikurudishe wapi, mwanangu?"

Hakukuwa na pa kurudishwa, na hata hivyo mtoto alikuwa ameogopa usiku kucha, peke yake, chumba cha pili. Shangazi akaona uchungu, uchungu hasa. Kisha akalitazama daftari lake: huko nyuma ya mlango mkono wake ulikuwa umeshachora nusu ya ile meza, chupa, na ile mikono miwili midogo. Picha ilikuwa nzuri sana. Akaichana.

Akampigia mhariri, sauti ya nje vilevile, makusudi.

"Kitabu cha tano hakuna. Huyu wangu ametulia, na ananifaa hivyohivyo."

Mhariri akauliza kama angeweza kuupata ule ukurasa wa kumi na mbili tu. Shangazi akakata simu.

Kiroboto alikuwa bado amesimama, mikono myeusi ameiinua juu isiguse kitu.

"Sasa naruhusiwa kupangusa?" akauliza.