Fundi Cherehani wa Kitanda cha Saba

Wenzake walimwita Paspoti. Jina hilo alilipata wiki ya kwanza ya mafunzo, Sista Mkuu alipomuuliza angependa kupangiwa wodi gani, naye akajibu bila kupepesa macho kwamba wodi yoyote ni sawa tu, maana mwakani atakuwa ameshaondoka kwenda kusoma ng'ambo. Wodi nzima ilicheka. Hata mgonjwa aliyekatazwa kucheka kwa sababu ya mshono alicheka huku ameshikilia tumbo.

Hakujali. Alikuwa ametuma maombi kwenye chuo cha uuguzi cha nchi ya mbali, na lugha ya huko alijifunza kwa vikaratasi. Kila asubuhi mama yake aliamka akakuta neno jipya limebandikwa mlangoni, kwenye ndoo, kwenye kioo.

"Mwanangu," mama alisema, "ipo siku nitaamka nikute umenibandika na mimi."

Kwenye kitanda cha saba, kando ya dirisha, alilala mzee mmoja fundi cherehani, mgonjwa wa moyo. Alikuwa mtu wa maneno machache, na hayo machache yote yalihusu nguo. Siku ya kwanza alimtazama Paspoti alivyovaa sare yake, akatikisa kichwa. "Nani kakushonea hii, binti? Bega moja limelala, jingine limeamka."

Jumanne moja, saa nane mchana, wageni walikuwa wameshaondoka na wodi imetulia. Mapazia yalijaa upepo, yakashuka, yakajaa tena, kama vile jengo lenyewe linapumua usingizini. Mzee akamwita. "Binti, nipatie maji kidogo."

"Nakuja nayo sasa hivi, baba."

Alikuwa ameshashika jagi simu ilipotetemeka mfukoni. Namba ndefu, ya nje. Akaliweka jagi chini, akatoka mbio hadi kwenye ngazi. Sauti ya mwanamke, taratibu sana, ilimwambia kwamba maombi yake yamesomwa na kwamba atahojiwa kwa video Jumamosi ya wiki mbili zijazo. Alimwomba arudie mara tatu. Kisha akabaki amesimama pale ngazini, akitabasamu na ukuta.

Dakika kumi na moja. Aliporudi, fundi alikuwa amegeuzia uso dirishani, na pumzi imekwisha.

Daktari alisema moyo ulikuwa umechoka, usingefika jioni hata kama angekuwa ameshikwa mkono. Lakini daktari hakujua habari ya maji, na Paspoti hakumwambia. Alimwosha mzee yeye na Sista Mkuu. Ilikuwa maiti yake ya kwanza. Alishangaa jinsi alivyokuwa mwepesi, na jinsi kidole chake cha kati kilivyokuwa na sugu ya sindano, ngumu kama punje ya hindi.

Siku ya tatu akamwona.

Ilikuwa saa zile zile za mchana. Alikuwa amebeba chati kuelekea dirisha la dawa, na pale kwenye benchi la ukutani, kwenye mraba wa jua, alikaa fundi. Hakuvaa gauni la hospitali. Alikuwa na shati lake la mikono mirefu, na utepe wa kupimia umemning'inia shingoni. Mkono mmoja ulishika sindano, mwingine uzi, na alikuwa akijaribu kuutunga, jicho moja amelifumba. Watu walipita mbele yake. Mama mmoja alikaa kando yake, akampisha kidogo bila kujua anampisha nani.

Chati zilimponyoka Paspoti zikatawanyika sakafuni. Alipomaliza kuziokota, mzee bado alikuwepo, bado anatafuta tundu la sindano.

Alikaa na jambo hilo siku mbili, halafu likamshinda. Akamfuata Sista Mkuu kwenye chumba cha vifaa, akamkuta anakunja vitambaa vya kufungia vidonda. Akamweleza yote, simu na maji vikiwemo. Sista Mkuu hakuacha kukunja.

"Amekaa wapi?"

"Benchi la dirisha la dawa."

"Afadhali wako amekaa. Wa kwangu alikuwa anasimama mlangoni, miezi minne, hata mimi miguu ikawa inaniuma kwa niaba yake."

"Ulifanya nini, sista?"

"Nilimsalimia, nikaendelea na kazi. Ungetaka nifanye nini?" Akamtazama kwa mara ya kwanza. "Daktari usimwambie. Atakupa likizo, na mimi watu sina. Lakini hilo la maji, kuna mtu anastahili kulisikia, na si mimi."

Kuanzia hapo Paspoti alimsalimia kila siku. "Shikamoo, baba," kwa sauti ya chini, kama anayejisemesha mwenyewe. Mzee hakuitikia. Siku moja alimpelekea maji kwenye kikombe safi, akakiweka benchini kwa mikono miwili. Fundi hakukitupia jicho. Kikombe kilikaa pale mpaka mama wa usafi alipokikuta. "Nani huyu anayeacha vikombe ovyo kama yuko kwa shangazi yake?" alifoka, na maji yakaenda kwenye ndoo ya deki.

Alhamisi, siku mbili kabla ya mahojiano, alikuja binti wa marehemu kuchukua hati na miwani ya baba yake. Alikuwa mwanamke mrefu, fundi wa kuchomelea vyuma, mikono imejaa vidoti vya kuunguzwa na cheche. Alisaini karatasi, akaitia miwani mfukoni, kisha akauliza swali lililokuwa limemleta hasa.

"Alikuwa na nani, dakika ile?"

Jibu rahisi lilikuwa tayari mdomoni mwa Paspoti. "Hakuwa na mtu, dada. Aliniomba maji. Nikasema nakuja. Nikaenda kupokea simu yangu mwenyewe, na niliporudi alikuwa ameshakwenda."

Mwanamke hakutukana. Aligeuka, akatembea hatua chache, akajitupa kwenye benchi lililokuwa karibu. Lilikuwa benchi lile lile. Baba na binti wakawa wamekaa bega kwa bega, yeye amejiinamia, mzee ameinua sindano kwenye mwanga.

"Unaangalia nini hapo?" binti aliuliza ghafla. "Mimi niko huku."

Paspoti angeweza kusema si kitu. Badala yake alichuchumaa mbele yake, akamwambia. Alitegemea kofi. Lakini mwanamke taratibu akavuta sketi yake isimguse aliyekaa kando.

"Anafanya nini?"

"Anatunga uzi."

"Jicho gani kafumba?"

"La kushoto."

Machozi yakaanza kumtiririka mwanamke. "Muulize kama ana kinyongo na mimi. Alitaka nikae naye cherehanini, nikamwambia nguo ni kazi ya kukaa, mimi nataka kusimama. Miaka miwili hatukusemezana vizuri. Siku ile nilikuwa njiani. Nilichelewa kwa saa moja tu."

Paspoti alimtazama mzee. Alitamani sana kuona tabasamu, au mkono ukinyooshwa, alau kichwa kikitikiswa. Ingekuwa jambo dogo kulisema, na nani angemsuta?

"Hajibu, dada," alisema. "Bado yuko na uzi wake tu."

Mwanamke akaangua kicheko katikati ya kilio, watu wa foleni wakageuka. "Ndiye yeye! Ndiye baba yangu! Hata nilipovunjika mkono utotoni, alimaliza pindo kwanza."

Wakakaa hivyo watatu. Jua lilisogea sakafuni. Halafu Paspoti akauona uzi umepita. Fundi aliuvuta, akaukata kwa meno, akaichomeka sindano kwenye ukosi wa shati lake, akasimama, akijinyoosha mgongo kama mtu aliyemaliza siku ya kazi.

"Anaondoka," Paspoti alinong'ona.

"Kuelekea wapi?"

"Mlango mkubwa."

Binti akasimama pia, akatazama upande huo. Foleni ilijigawa kidogo katikati, bila sababu, kisha ikajifunga. Nje mwanga ulikuwa mkali mno, na Paspoti hakuweza kusema mzee aliishia wapi na jua lilianzia wapi. Mwanamke alimshika bega, lile lililolala, akalibana mpaka likauma. "Sijakusamehe bado," alisema. "Lakini asante kwa kutonidanganya." Akaenda zake.

Jumamosi, Paspoti alihojiwa katika ofisi ya Sista Mkuu, uso wake ukiwa mdogo pembeni ya skrini. Walimwuliza mambo aliyoyajua, akajibu kama maji. Kisha yule mwanamke wa sauti ya taratibu akamwomba aeleze siku aliyoshindwa kazini. Alikuwa amekariri jibu zuri kuhusu siku aliyochelewa zamu. Akaliacha. Akaeleza habari ya jagi na ngazi, kwa sarufi iliyovunjika vipande, maneno mengine hakuyajua kabisa akayazunguka. Alipomaliza, aliwaona upande wa pili wameinama, wanaandika.

Majibu yalichukua wiki sita. Siku yalipofika, alikuwa nyumbani, amekaa kwenye kigoda akimsuka nywele mama yake aliyekaa sakafuni mbele yake. Alifungua barua kwenye simu kwa kidole kimoja chenye mafuta. Wamempokea, ila miezi minne ya kwanza atasoma lugha, kwa sababu wanasema lugha yake bado.

"Soma," mama alisema, kichwa ameinamisha.

Akamtafsiria.

"Hapana. Soma kama walivyoandika wao."

"Mama, hutaelewa."

"Najua sitaelewa. Nataka nisikie sauti yako itakavyokuwa huko."

Basi akasoma kwa lugha ile ngeni, akijikwaa hapa na pale, chanuo likiwa bado limesimama katikati ya nywele. Alipofika mwisho mama akapapasa nyuma, akaupata mguu wa mwanawe, akaushika.

"Tena," akasema. "Polepole."