Nanyokie Aenda Mtoni

Jumatano moja ya mwezi wa nane, saa tatu na robo asubuhi, Lemayan alisimama kwenye yadi ya Hussein pale Mikumi, kando ya barabara kuu iendayo Iringa, akamwomba fundi amfungulie gari mdomo.

Fundi aliyekuja naye alikuwa Damiano wa Magomeni, Kilosa, mtu aliyemaliza nusu ya umri wake akiwa amelala chini ya magari ya watu. Alielewa, akafungua boneti. Lemayan akachungulia, akanusa, akapigapiga ubavu kwa kiganja, kisha akainama kukagua tairi moja moja kama mtu anayekagua kwato. Akauliza kama gari liliwahi kuharisha. Damiano akajibu kwamba halijawahi, ila linavuja oili kidogo upande wa gia boksi. Lemayan akasema basi ni yale yale.

Kusema kweli, hakutakiwa hata kulitazama gari lile. Mkewe, Naeku, alikuwa amemtuma pikapu. Kiangazi kilichopita ndama tisa waliwafia njiani kwenda mtoni, kwa sababu njia ya zamani ya mifugo, ile ya nusu saa, ilikuwa imezibwa, na ile ya kuzunguka ilikula asubuhi nzima. Naeku alitaka pikapu ya kubebea maji ili ndama wanywe bomani. Akatenga madume manane ya kuuzwa mnadani, si saba wala si tisa, akamwambia mumewe asimrudie na mapambo. Lemayan akaitikia. Lakini tangu mwezi wa sita, alipopita Mikumi ndani ya basi, alikuwa ameliona gari la viti viwili, halina paa, limeegeshwa kwenye jua kali bila wasiwasi wowote, na kuanzia siku hiyo usingizi ulimpungua. Mzee wa miaka hamsini na sita, jamani, mwenye wajukuu.

Hussein alimwamkia shikamoo, akaitikiwa marahaba, wakaanza na pikapu kwa ajili ya heshima. Ya bei ya chini kabisa ilitaka madume kumi na moja. Lemayan akatikisa kichwa kwa masikitiko makubwa. Damiano anasema masikitiko yale hayakumfika machoni.

Ndipo wakahamia nyuma ya yadi, kwenye magari matatu ya wazi ambayo hakuna mtu aliyeyaulizia kwa miaka miwili. La kwanza lilikuwa la bluu, zuri la kupigia picha. Damiano aliligusa chini ya mlango, kidole kikazama kwenye kutu mpaka pingili ya pili. La pili lilikuwa jeupe, na paa lake lilifunuka kwa kubonyeza kitufe. Hussein akabonyeza. Paa likanyanyuka nusu, likabaki limesimama hivyo hivyo, na Hussein akasema huo ndio mtindo wa siku hizi. La tatu ndilo lile lile. Wekundu wake ulikuwa umepauka mpaka rangi ya kichuguu, turubai la paa lilikuwa na viraka vinne, kioo cha nyuma kilikuwa plastiki iliyogeuka njano. Lakini chini lilikuwa zima, injini ilinguruma bila kukohoa, na mkanda wa taimingi ulikuwa mpya.

“Turubai linashonwa, mzee,” Damiano alisema akijipangusa mikono. “Kutu haishonwi.”

Lemayan akauliza swali ambalo kwao hakuna mnyama anayenunuliwa bila kuulizwa, yaani mama yake ni nani. Hussein, aliyekuwa kwenye biashara hiyo miaka kumi na saba, hakubabaika. Alisema mama yake alibaki Japani, kwa mwalimu mmoja wa kike, na hakuwahi kumgonga mtu. Lemayan akaridhika. Madume manane, sawasawa. Wala msiseme aliuziwa mbuzi kwenye gunia. Alilifungua gunia, akachungulia, na akamtaka mbuzi huyo huyo.

Wakarudi kwa njia ya kijiji cha Ulaya, Damiano kwenye usukani, Lemayan pembeni na fimbo yake imesimama wima katikati ya magoti. Leseni hakuwa nayo, jambo alilopanga kulifikiria baadaye. Boma lake liko Mahundo, kijiji kidogo ng’ambo ya reli ukitokea Munisagara. Walipofika, Naeku alikuwa anakamua. Aliliangalia gari kwa muda mrefu, akauliza maji yanakaa wapi. Damiano akafungua buti kumwonyesha. Liliingia dumu moja, tena kwa kulazwa. Lemayan akajitetea kwamba mtu hawezi kuchunga ng’ombe akiwa ndani ya sanduku, ni lazima aone mbingu. Naeku hakumjibu siku hiyo, wala iliyofuata, na Lemayan akaona aibu iliyompunguza kimo.

Pamoja na hayo, mila haina ugomvi na mtu. Katika boma lile mnyama aliyenunuliwa huingizwa jua linapozama, nyuma ya mitamba, kupitia lango kubwa, na mama wa boma humnyunyizia maziwa mgongoni na kumpa jina kufuatana na rangi yake. Naeku alikuwa amekasirika, lakini hakuwa mtu wa kuharibu mila kwa sababu ya mume. Gari likaingia nyuma ya mitamba. Akalinyunyizia maziwa kwenye boneti, akaliita Nanyokie, yaani yule mwekundu, akaenda zake. Likalala katikati ya ng’ombe. Kosa, kama lilikuwa kosa, lilifanyika hapo.

Asubuhi lango lilipofunguliwa ng’ombe wakatoka, na Nanyokie akatoka nao. Ufunguo ulikuwa mfukoni mwa Lemayan. Seuri, mwanawe mkubwa ambaye ndiye mchungaji, alisema tu kwamba huyu mpya anatembea vizuri ila anavutia kulia, aangaliwe tairi. Wakafika kwenye njia panda karibu na reli. Ng’ombe wakakata kushoto, kuanza ule mzunguko wao. Nanyokie akanyoosha mbele.

Si kwamba ng’ombe hawakuijua njia ya zamani. Waliijua sana, ila waliijua na fimbo ya mgambo. Nanyokie alikuwa mgeni, hajapigwa bado.

Katikati ya njia hiyo ilisimama nyumba ya wageni ya Bonifas, mwenyekiti wa kijiji, yenye vyumba saba na ukumbi mwembamba unaotoka mlango wa mbele mpaka wa nyuma. Aliijenga miaka saba iliyopita, mahali ambapo muhtasari wa kikao ulisema ni pori lisilo na matumizi, na kikao chenyewe alikiongoza yeye. Lilian wa mapokezi alikuwa akifagia aliposikia honi mara mbili. Akafungua mabawa yote mawili ya mlango. Nanyokie akapita ukumbini, kila upande pamebaki nafasi ya kidole, akatokea mlango wa nyuma, akashuka hadi mto Mkondoa. Pale akainamisha pua majini, akanywa mpaka akatosheka, akarudi kwa njia ile ile kwa mwendo ule ule. Lilian, ambaye ni mtu wa utaratibu, alimwandika kwenye kitabu cha wageni. Jina, Nanyokie. Atokako, bomani. Aendako, mtoni. Kwenye kabila hakuwa na uhakika, akapiga kistari.

Siku ya tatu zilianza kuonekana nyayo. Zilijichora zenyewe kwenye vigae vya ukumbi, kwato kwa kwato, kubwa na ndogo, mamia kwa mamia, zote zimeelekea mtoni. Lilian alipiga deki mara mbili kwa sabuni ya unga, hazikutoka. Siku ya tano zilikuwa na kina cha vidole vitatu. Mgeni wa chumba namba nne, muuza pembejeo kutoka Magole, alilalamika kwamba zinamkwaza akienda bafuni, akahamishiwa namba saba.

Lemayan aliposikia, alivaa shuka lake jipya akaenda. Alimkuta Bonifas amesimama ukumbini, anawalaumu mafundi wa vigae kwamba walichanganya saruji vibaya. Wakasalimiana, wakaulizana habari za familia, habari za mvua. Kisha Lemayan akanyoosha fimbo.

“Mwenyekiti, hii ndiyo njia.”

“Njia ipi?” Bonifas aliuliza, mguu wake umezama kwenye unyayo mpaka kwenye kifundo.

Jambo hilo likafikishwa kwenye mkutano wa kijiji. Wafugaji walikuja, wakulima wakaja, Nanyokie naye akaja akasimama kivulini akicheua taratibu. Mama Raheli, mkulima wa mahindi, alisimama akasema kwamba kabla ya nyumba ile kujengwa alikuwa akiwauzia wafugaji mahindi ya kuchoma pale pale panapoitwa mapokezi leo, na shamba lake halikuliwa hata jani. Ng’ombe walianza kumlia shamba walipofukuzwa njiani wakaanza kuzunguka, na kila wakila, faini inakwenda kwa mwenyekiti, yeye hajaiona hata harufu. Watu wakasema kweli. Bonifas naye akasema kweli, akamshukuru mama kwa mchango wake mzuri.

Akaitwa mtaalamu wa vipimo, kijana mtulivu mwenye futi ya chuma. Alipima nyayo kuanzia mlango wa mbele hadi wa nyuma, akatoka na jasho, akasoma alichoandika. Nyayo ni za ng’ombe. Ni za miaka mingi. Njia ipo, imekuwepo, na inaelekea mtoni. Hakuna aliyepinga. Lemayan akamtafuta Naeku kwa macho katikati ya wanawake, na kwa mara ya kwanza tangu Jumatano ile Naeku alimtazama.

Bonifas akasimama kutoa uamuzi. Alisema serikali ya kijiji haiwezi kuziba njia iliyothibitishwa kitaalamu, hilo halikubaliki, na yeye binafsi linamuuma. Kwa hiyo kuanzia kesho ukumbi utakuwa wazi kwa vyombo vya moto, saa kumi na mbili asubuhi hadi saa kumi na mbili jioni, na mlango utapanuliwa kwa nguvu za wananchi. Lemayan akauliza, na ng’ombe je?

“Ng’ombe si chombo cha moto, mzee wangu,” Bonifas alisema kwa upole. “Tusichanganye mambo.”

Wali ulikuwa umeshaanza kupakuliwa, na nyama ilikuwa ya mwenyekiti mwenyewe. Walionyoosha mikono kukubali walikuwa wengi, baadhi yao wakiwa tayari wameshika sahani. Mama Raheli hakunyoosha, akala. Lemayan hakunyoosha wala hakula.

Hapo ndipo Naeku aliposimama. Alimwamkia mwenyekiti kama kawaida, akauliza swali moja tu, kwamba gari likipita, abiria wake inakuwaje. Bonifas alifikiri kidogo. Akasema gari ni gari pamoja na abiria wake, hilo halina mjadala, mradi abiria awe amefunga mkanda. Karani akaandika.

Kesho yake asubuhi Naeku alimbeba ndama mmoja, akamkalisha kwenye kiti cha kushoto, akamfunga mkanda. Kile cha kulia kina usukani, na ndama hatoshei. Nanyokie akaondoka, ndama ameinua pua kwenye upepo. Lilian akafungua mlango, akaandika majina mawili. Mgambo alisimama na fimbo yake, akaangalia mkanda, akaona umefungwa, akarudi kukaa. Ndama alikunywa maji ya Mkondoa saa moja kasoro, akiwa mzima wa afya. Bomani walichekea jambo hilo mpaka jioni, na Naeku akamwambia mumewe kwamba pikapu ingezuiwa mlangoni kwa upana. Hilo lilikuwa neno lake la kwanza kwake baada ya siku kumi na mbili, na Lemayan akalipokea kama mtu aliyerudishiwa ng’ombe wake.

Lakini Nanyokie huenda mtoni mara moja tu kwa siku, kama ng’ombe yeyote. Walijaribu kumpeleka mara ya pili, akalala chini ya mgunga akagoma. Na mwaka huo ndama walikuwa ishirini na wawili.

Mwezi wa tisa ukapita, wa kumi ukaingia, mvua hakuna. Vigae vya ukumbini Bonifas aliviwekea uzio wa kamba nyekundu na kibao kinachowaomba wageni wasikanyage nyayo, na watalii wawili waliotoka mbugani walishakuja kuzipiga picha. Ng’ombe wanazunguka. Wakizunguka wanapita pembeni mwa mahindi ya Mama Raheli, wanakula kidogo, Seuri analipa, na Mama Raheli bado hajaiona harufu.

Kila alfajiri Naeku huingia zizini kuchagua. Wiki ya kwanza alikuwa akichagua aliye dhaifu kuliko wote, na walikufa hata hivyo, wakiwa wamekunywa. Sasa anachagua anayeweza kupona. Huwashika mbavu mmoja mmoja, bila haraka, na Lemayan husimama karibu naye. Jana alimchagua mwenye baka jeupe shingoni. Wengine wakaenda kwa kuzunguka, na wawili hawakuvuka reli.

Jioni Naeku alifungua mkanda. Ndama akashuka, tumbo limejaa maji, akaenda kuwatafuta wenzake.