Darubini Uani kwa Mama Rahima

Dispensari za watu binafsi ziliporuhusiwa tena, Erasto alipata kazi ya maabara katika moja iliyofunguliwa Newala. Darubini yenye taa ya kung'arisha vijidudu ilikuwa ghali mno kwa tajiri wake. Tajiri akaleta darubini ya kawaida na vioo viwili vidogo vya rangi vya kuchuja mwanga. Damu unaipaka dawa ya rangi ya chungwa, kioo kilicho chini ya darubini unakielekeza juani, na vijidudu vya malaria vinang'aa kama vimulimuli. Umeme wa nini?

Tatizo lilikuwa jua lenyewe. Ukungu wa Newala haukuondoka kabla ya saa nne, na mahali pa kwanza kupata jua palikuwa uani kwa jirani. Erasto akabeba meza, wagonjwa saba nyuma yake, akaiweka kando ya mkeka ulioanikwa makopa ya mihogo.

"Shikamoo, Mama Rahima."

"Marahaba. Kivuli chako kiko kwenye mihogo yangu."

Akasogea. Jua nalo likasogea. Kufika saa sita alikuwa ameuzunguka mkeka wote, na mgonjwa mmoja, kwa kuchoka, alikuwa amekalia makopa.

"Ebo! Unaanika nini wewe kinachozidi chakula cha watu?"

Erasto, jasho likimtoka, akamwomba achungulie. Mama akafunika jicho moja kwa kiganja, akainama, akakawia.

"Nyota," akanong'ona. "Damu ya nani hii?"

"Ya huyo aliyekalia makopa yako."

"Imemstahili!" Kisha akanyoosha kidole. "Haya, na mimi. Ila siumwi. Kichwa tu, na viungo, na baridi ya huu ukungu."

Baada ya muda Erasto akainua uso polepole. "Mama, wewe unazo kuwashinda wote."

"Uongo! Zimenirukia kutoka kwa hawa wagonjwa wako!"

Akachungulia tena. Alipoinuka akawageukia wagonjwa: "Nyie, ondokeni juani! Hamwoni mnamzuia mtaalamu?"

Klorokwini akaimeza siku tatu, akijikuna mwili mzima na kumlaumu Erasto kwa kila mkuno. Wiki iliyofuata akarudi kupimwa. Damu ilikuwa safi, na Erasto akamkaribisha aone mwenyewe.

"Mbona giza?"

"Umepona, mama."

"Alhamdulillahi," akasema, jicho bado kwenye darubini. "Lakini zilikuwa nzuri, mwanangu."