Mapaja ya Marehemu Zaina

Bi Mwajabu wa Lukozi alikuwa na mdomo, jamani, mdomo! Habari ikizaliwa Lushoto mjini asubuhi, yeye keshaipata kabla ya adhuhuri, na ikifika alasiri ameshaitia chumvi, ameionja na ameipakua. Nani kaachika, nani kauza kipande cha shamba la babake akanunua redio kaseti; ukitaka kujua, nenda kakae barazani kwake umenye naye maharage. Lakini kulikuwa na jambo moja ambalo mdomo huo usingelitoa hata kwa koleo. Bi Mwajabu alikuwa mwosha maiti. Mwanamke akifariki Lukozi au vitongoji vya karibu, yeye ndiye aliyeitwa kumwosha, na alichokutana nacho nyuma ya pazia kilibaki nyuma ya pazia.

Kazi hiyo alifundishwa na bibi mmoja mkali, siku nyingi zilizopita. Bibi yule alimwambia, "Baya la maiti halisemwi, hilo kila mtu analijua. Wewe usiseme hata zuri. Ukimsifu mmoja, umewasema wote uliowanyamazia." Bi Mwajabu alilishika neno hilo. Watu wakamzoea, hata wakawa hawamuulizi tena. Siri ya mtungi aijuaye ni kata, na kata hii ilikuwa na adabu yake.

Aliyekuja kumuuliza ni Hidaya, mtoto wa marehemu mdogo wake, na hapo ndipo mambo yalipoharibika.

Hidaya alilelewa na Bi Mwajabu tangu mamaye, Zaina, alipofariki kwa homa, mtoto mwenyewe hajui hata kufunga kanga. Sasa alikuwa mke wa Kassimu, dereva wa fuso la kabichi, kijana mpole, mwenye kupenda mke na kula. Hidaya hakuwa na shida yoyote duniani mpaka siku walipokwenda mtoni kufua mablanketi, yeye na wifi yake Rukia na wanawake wengine. Wakapandisha kanga juu wasilowane. Rukia akamtazama kwa nyuma, akapiga yowe.

"Lo! Wifi, kumbe barabara ya Mtae imepita hukuhuku kwako?"

Wanawake wakacheka mpaka wakashika mawe. Ni utani tu, mtu na wifi yake, na barabara ya Mtae kila mtu anaijua ilivyo na mashimo. Hidaya naye alicheka. Lakini aliporudi nyumbani alijifungia chumbani na kioo cha Kassimu cha kunyolea, akajitazama. Nyuma ya mapaja na juu yake, ngozi ilikuwa imebonyea vishimo vidogo vidogo, zaidi akiibana nyama kwa vidole. Akaibana tena na tena. Tangu hapo kicheko kikamtoka.

Ingekuwa zamani, angejinunia wiki moja ikaisha. Zamani, hata sabuni ya kuogea uliipangia foleni, na ukiipata unaikata vipande vinne. Lakini hiyo ilikuwa miaka ya ruksa, biashara ya vitu vya nje imefunguliwa. Maduka ya Lushoto yalikuwa yamefurika vitu, mengine hata mwenye duka hajui vinaliwa au vinapakwa. Hidaya akanunua kopo la mafuta kutoka Dubai, lina picha ya mzungu amelalia ubavu, mapaja yamenyooka kama yamepigwa pasi. Akapaka mpaka kopo likalia kijiko. Ngozi ikawa laini, kweli, inateleza. Vishimo vikabaki palepale, sasa vinang'aa.

Akasikia habari ya kahawa. Akatwanga kahawa ya shambani, akachanganya na mafuta ya nazi, akajisugua kila alfajiri. Nyumba nzima ikanukia mkahawa, na Kassimu akawa anaamka anauliza kikombe chake kiko wapi. Hadi saa nne ngozi ilionekana imekaza. Kufika adhuhuri imeachia. Akajizungusha nailoni mapajani, akavaa kanga juu, akaenda kupalilia kabichi juani. Akatoka jasho mpaka akaona nyota mchana. Jioni mapaja yalikuwa yamepungua kidogo, akashangilia. Akanywa maji, yakarudi. Akajikanda kwa mti wa kusukumia chapati, akapata madoa ya bluu. Kwa ubishi akawa anapanda mlima na tenga la karoti kichwani, asubuhi na jioni, na hilo peke yake lilimsaidia kiasi: nyama zilikaza, vishimo vikapungua kina. Havikuisha.

Mwishowe akamwendea nesi Dorkasi, mtu wa Tanga mwenye kusema bila kuzunguka. Dorkasi akamwambia, "Mdogo wangu, huo si ugonjwa. Ni mafuta yalivyokaa chini ya ngozi, na wanawake wengi mno wanayo, wanene kwa wembamba. Kukanda kunasaidia kwa saa chache. Kupanda mlima kunasaidia kidogo, endelea nako. Kopo linalainisha ngozi tu. Cha kuondoa kabisa sijakisikia."

"Na sindano?" Hidaya akauliza.

Maana alikuwa ameshasikia. Huko Tanga alikuwapo mtu aliyepanga chumba nyumba ya wageni, anawachoma wanawake sindano ya kuyeyusha mafuta. Dorkasi akaacha alichokuwa akifanya. "Sindano isiyojulikana ina nini? Nimeona paja limeoza kwa mambo hayohayo. Usithubutu."

Hidaya akaitikia ndiyo, akatoka, na moyoni hakuamini neno. Nesi mwenyewe alikuwa amevaa soksi mpaka magotini, nani ajuaye alichokificha huko? Kipya kinyemi, ingawa kidonda.

Sasa sikia kilichokuwa kinamsukuma, maana si Rukia peke yake. Mamaye Zaina alikuwa gumzo la soko zima. Wazee walimwita Guu la Bia, kwa miguu iliyoumbika kama chupa. Hata sasa, Hidaya akipita na tenga lake, utamsikia mtu akisema, "Huyu mtoto wa Zaina? Mama wee, Zaina alikuwa na miguu!" Hidaya hakumkumbuka mamaye uso. Hakuwa na picha. Alichorithi ni sifa hiyo ya miguu, na sasa aliona hata hiyo imemkataa.

Basi alasiri moja ukungu uliteremka mapema. Ulikuja taratibu kutoka juu ya msitu, ukala migomba, ukala choo, ukala njia, mpaka baraza la Bi Mwajabu likabaki peke yake ulimwenguni. Bi Mwajabu alikuwa amesinzia na ungo wa maharage mapajani. Katika usingizi huo mwepesi, ambao mtu anasikia kuku na huku anaota, alimwona Zaina anakuja kutoka kwenye weupe ule, kabeba tenga la matunda damu, anatembea bila haraka. Hakusema kitu kikubwa. Alisema tu, "Dada, maji yana moto?" Zaina alikuwa hapendi maji baridi tangu utoto. Siku aliyooshwa, Bi Mwajabu aliyapasha maji yake motoni, na waliosema maiti hasikii baridi aliwaambia watoke nje.

Alipofumbua macho, aliyesimama mbele yake alikuwa Hidaya.

"Shikamoo, mama mkubwa."

"Marahaba, mwanangu. Mbona umekuja na ukungu?"

Hidaya akakaa. Akachukua maharage, akawa anayamenya bila kuyatazama. "Kesho asubuhi nakwenda Tanga. Kassimu nimemwambia namtembelea shangazi. Nakwenda kuchoma sindano."

Bi Mwajabu akaruka! Ungo chini, maharage kote. Akasema yote aliyonayo: paja la mtu si gunia la nafaka la kuchomwa bambo, mwanamume anayefanya udaktari nyumba ya wageni ni mwizi, nesi kasema nini, na je, una wazimu? Hidaya alingoja mpaka akamaliza pumzi.

"Nitakuuliza neno moja," akasema. "Wewe ndiye uliyemwosha mama. Alikuwa hivi nilivyo mimi? Ukisema alikuwa hivi, siendi. Nitachana nauli mbele yako, mama mkubwa, wallahi siendi."

Bi Mwajabu akanyamaza. Ulimi ule uliojua kila kitu ukalala. Angesema nini? Akisema ndiyo, amemfunua mdogo wake mwenyewe, ambaye hana mkono wa kujifunika tena. Akisema hapana, mtoto anakwenda kuharibiwa paja. Na akitunga uongo juu ya maiti, bora afe kwanza. Akashika ukingo wa baraza, machozi yanamlenga.

"Hilo usiniulize."

"Basi nimejua," Hidaya akasema polepole. "Angekuwa kama mimi ungeniambia, unavyonipenda. Kunyamaza kwako ni jibu." Akainuka, akaingia kwenye ukungu, na hatua tatu tu akawa hayupo. Bi Mwajabu alimwita, akaitikiwa na mbuzi wa jirani.

Alfajiri, kabla basi la Tanga halijapakia, msiba ukabisha hodi. Bi Mwanaisha amefariki, mjane wa bondeni, mwembamba, mwepesi, aliyepanda mlima na matenga ya mboga maisha yake yote bila kuhema. Mtu wa kumsaidia Bi Mwajabu kuosha alikuwa amekwenda harusini Mtae, na Mtae si mahali pa kurudi upesi. Bi Mwajabu alisimama uani akawaza. Wanawake walikuwapo wengi. Lakini aliyemwita ni Hidaya, akamkuta na mkoba begani.

"Basi litakuwapo kesho," akamwambia. "Mwenzako hawezi kungoja. Weka mkoba, twende."

Msiba haukataliwi. Hidaya akaweka mkoba.

Nyuma ya mashuka yaliyotandwa kulikuwa na joto na ubani. Moshi ulipanda, ukakutana na ukungu uliopenya juu ya ukuta, vikachanganyika hata hujui kipi ni kipi. Maji ya majani ya mkunazi yalitoa mvuke. Bi Mwanaisha alikuwa amefunikwa kanga kuanzia kitovuni hadi magotini, na hiyo haiondolewi. Mwosha huvaa kitambaa mkononi, akapitisha mkono chini yake. Nje wanawake walikuwa wanaongea chinichini, lakini mle ndani sauti zao zilifika zikiwa zimelowa, hazina maneno. Hidaya aliona kama wako chini ya mto, yeye na mama mkubwa na huyu aliyelala, na saa zote za dunia zimepita juu yao zikaenda zake.

"Mimi namimina," Bi Mwajabu akanong'ona. "Wewe osha. Anza upande wa kulia. Taratibu, kama analala."

Hidaya akaosha mkono, ubavu, kisha akapitisha mkono chini ya kanga iliyolowa. Ulipofika pajani, ukasimama.

Mkono ule ulikutana na nini, hilo halitasemwa hapa. Aliyeoshwa amesitiriwa, na mimi nani nimfunue? Ninachoweza kusema ni cha walio hai: Hidaya aliinua uso, akamtazama mama mkubwa wake kwa macho yaliyopanuka, akafungua kinywa.

"Endelea, mwanangu," Bi Mwajabu akasema. "Bismillahi."

Akaendelea. Akaosha lile paja lililopanda milima yote ile, akaliosha tena, kwa upole ambao hajawahi kuyapa mapaja yake mwenyewe tangu siku ya mtoni. Huku machozi yanamtoka, na anageuza uso pembeni yasimdondokee marehemu. Wakamkausha, wakamtia kafuri, wakamfunga sanda. Alipokuwa tayari alionekana mdogo, msafi, hana deni na mtu.

Walipotoka nje, Rukia alikuwa wa kwanza kumsogelea Hidaya. "Wifi, pole. Alikuwaje?"

"Ameoshwa," Hidaya akajibu. Rukia akangoja zaidi, hakupewa.

Maiti ilipokwenda makaburini na wanaume, wao wawili wakakaa nyuma ya jiko, mikono yao imechoka. Ukungu ulikuwa unaanza kupasuka, bonde linaonekana vipande vipande, hapa paa, pale kabichi. Bi Mwajabu hakutazama bonde. Alimtazama mtoto, akawaza juu ya basi la kesho, na moyo ukamshinda. Miaka yote aliyonyamaza ilikuwa nini mbele ya huyu mmoja?

"Hidaya," akasema. "Jana uliniuliza. Leo nitakujibu, Mungu anisamehe. Mama yako, siku ile..."

Hidaya akamwekea kiganja mdomoni. Kilikuwa kinanukia kafuri.

"Usiseme, mama mkubwa. Tanga siendi. Nilidhani nakuuliza habari ya mapaja, kumbe nilikuwa nakuomba umvue mama yangu sanda. Mwache vilevile ulivyomsitiri."

Bi Mwajabu akalia. Alilia kwa sauti, mabega yanaruka, mpaka wanawake wakaja mbio wakidhani ni kwa ajili ya Bi Mwanaisha. Alikuwa anamlilia Zaina, mdogo wake, ambaye siku ile hakupata nafasi ya kumlilia, maana mwosha akilia, nani atamimina maji?