Jina Lisilo Kwenye Orodha

Tusajigwe analaza shavu juu ya daftari la takwimu, maktabani, mchana kweupe, akijidai anapumzisha macho tu, na macho yakishapumzika meza inakuwa barabara. Barabara haina kona wala mwisho. Kulia na kushoto ni mji wa vioo, na kila kioo kinamwonyesha yeye huyohuyo, amevaa joho, anatabasamu kama mtu aliyefaulu. Anasonya. Kufaulu gani? Wiki jana alimwambia mama yake, kule Tukuyu, kwamba mtihani wa mwisho ameupita, na mama, ambaye habari njema hazimkai kifuani, amekwisha kumwarifu mchungaji: kesho Jumapili atasimama mbele ya kanisa kutoa shukrani. Mtihani wenyewe Tusajigwe hakuufanya. Muhula mzima hakukosa kipindi hata kimoja, hata siku za theluji ya magotini, na siku ya mtihani akafika wa kwanza na kalamu tatu, akaambiwa jina lake halimo. Kwao ukikaa darasani mwalimu anakujua, jina lako analiandika yeye. Huku Ujerumani kila mtihani mwanafunzi hujiandikisha mwenyewe, kwa tarehe yake, na tarehe ikipita hakuna wa kukushtua. Wenzake wote walijua. Yeye aliona aibu kuuliza, na aibu ikamlia mwaka mzima.

Barabarani anatokea mwongozaji mwenye koti refu, asiye na uso, mahali pa uso ni peupe kama karatasi. Tusajigwe anamwamkia shikamoo, haitikiwi, anauliza chumba cha mtihani kiko wapi. Kiko pale ulipokipita, anajibiwa. Nimekipita lini? Ulipokuwa unasubiri kuitwa. Anataka kumweleza kwamba kwao mgeni huitwa, hukaribishwa, hata chakula huwekewa, lakini yule mtu amekwisha kugeuka dirisha, na nyuma ya dirisha yuko mwingine asiye na uso, anayemwelekeza dirisha la pili, na la pili linamrudisha la kwanza, anakwenda na kurudi, anakwenda na kurudi, mpaka anaichukia nchi hii na kujichukia mwenyewe zaidi. Mlango unafunguka. Ni ukumbi wa mihadhara, wanafunzi mia tatu wasio na nyuso wanagonga meza kwa vidole, maana huku mhadhara ukiisha hawapigi makofi, wanagonga, naye anadhani wanampongeza, anainama kushukuru, ndipo anapomwona mama yake katikati yao, peke yake mwenye uso, amejifunga kilemba cha kanisani.

Umemaliza, mwanangu?

Mama, ule mtihani sikuufanya. Nilikudanganya.

Meza zinanyamaza. Mama hakasiriki, anamtazama tu, kisha anauliza kwa upole: Sasa kesho nikisimama, nimshukuru Mungu kwa lipi? Tusajigwe analia, na katika kulia kwake mna raha, raha ya mtu aliyetua mzigo, ambayo hajaionja tangu afike Ujerumani.

Anaamka shavu limelowa, simu mkononi. Simu inasema leo, saa nane kasorobo, aliongea na mama dakika sita. Anakumbuka vizuri kwamba walizungumza habari za mvua na migomba iliyoanguka. Anakumbuka vizuri vilevile kwamba alisema kweli. Anajaribu kuzitenganisha sauti mbili za mama, zinafanana. Kuna ujumbe umeingia sasa hivi: Nimekusikia, mwanangu. Kesho nitasimama vilevile.

Anausoma mara ya pili, mara ya tatu. Mama amesamehe, au mama hajui kitu na kesho ataaibika mbele ya watu? Angeweza kupiga aulize, mama, nilikwambia nini? Lakini kama ni ndoto ndiyo iliyosema, basi kuuliza ni kukiri upya, macho yakiwa wazi, na ushujaa ule, kama aliwahi kuwa nao, hajui ameuacha upande gani.